VIGITA SITA VYA SHILINGI 960,000

Hotuba ya Mwenyekiti wa kikundi siku ya kuadhimisha miaka kumi, 2014–2024, Kahama



Taarifa ya fedha ya miaka kumi ameshaisoma Mweka Hazina, na ngoma mmeiona, kwa hiyo mimi sitarudia habari za hisa na faida. Kamati ya maandalizi ilinitaka nizungumzie mafanikio. Nikasema mafanikio yamo kwenye taarifa, mimi nitazungumzia vigita. Wengine walicheka, wengine wakainamisha vichwa. Lakini wanachama wapya, ambao leo ni karibu nusu yetu, wanalikuta lile daftari letu la safu tatu na hawajui lilitoka wapi. Lilitoka kwenye kosa, na kosa lenyewe lilikuwa langu.

Mtakumbuka mwaka 2017. Mwezi wa Machi Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, na ilipofika Septemba mgodi wa Bulyanhulu ukatangaza kupunguza shughuli. Sisi wa Kahama hatukuhitaji kusomewa gazeti. Tuliona wenyewe. Vyumba vya kupanga vikabaki wazi, mama lishe akawa anarudi nyumbani na nusu ya sufuria, na kando ya barabara vikaanza kuonekana vitu vya watu wanaoondoka: magodoro, meza, friji, viti vya plastiki, mpaka vyombo vya watoto.

Katika vitu hivyo akatokea dalali mmoja na magita madogo sita. Madogo kabisa, kama gita la mtoto, yana nyuzi nne za nailoni. Alisema yanaitwa ukulele, ameyapata kwa mgeni aliyemaliza mkataba. Sisi tukayaita vigita, na jina hilo ndilo lililobaki mpaka leo. Dalali alitaka sh 220,000 kwa kimoja. Akasema huko kwa wazungu kitu hiki kinauzwa kwa dola nyingi, tena kikiwa cha zamani ndiyo bei inapanda. Akasema shule za watoto wadogo na kwaya za Sunday school watavigombania kwa sh 250,000. Akamalizia kwamba kesho yake asubuhi mtu wa Mwanza anakuja kuvichukua vyote.

Jamani, lile neno la mtu wa Mwanza ndilo lililotumaliza. Siku ile ilikuwa Jumanne, na kikao chetu ni Alhamisi. Katiba yetu inasema sanduku halifunguliwi ila mbele ya kikao. Mimi Mwenyekiti nilimwita Katibu na Mweka Hazina, tukawafuata akina mama watatu wenye funguo majumbani mwao usiku, mmoja tukamwamsha. Waliniamini. Ndani kulikuwa na sh 997,000. Tukakaa na dalali mpaka saa nne ya usiku tukibishana naye bei, naye akashuka kutoka 220,000 hadi 200,000, akashuka tena 180,000, akashika kichwa, akasema tunamuua, akakubali 160,000. Vigita sita, sh 960,000. Tulirudi nyumbani tunacheka. Nilipiga hesabu kwamba tumeokoa sh 360,000, na tukiuza kwa 250,000 tutapata faida ya 540,000.

Nimefikiria sana kicheko kile cha usiku. Tulikuwa tumeshangilia kupunguziwa bei ambayo haikuwahi kuwapo. Hiyo 220,000 aliitoa kichwani mwake. Angeanza na 400,000 tungebishana mpaka 300,000 na bado tungecheka. Hatukumuuliza hata mtu mmoja nje ya chumba kile.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mtoto wa darasa la tatu angeliona. Mji ulikuwa unahamwa. Kila mtu anauza, anayenunua hayupo. Ule ulikuwa wakati wa kununua kwa bei ya chini, sisi tukanunua kwa bei ya juu kuliko ya kitu kipya. Binti yangu aliyekuwa Dar es Salaam alikwenda kuulizia Kariakoo, akanipigia simu: mama, kipya kabisa, na mfuko wake, sh 90,000. Nilizima simu nikakaa chini.

Sasa nisimwonee dalali kwa kila kitu. Lile la dola lilikuwa na ukweli ndani yake. Mwalimu mmoja wa muziki alikuja akatufundisha habari za chombo hiki. Alisema Wareno wa kisiwa cha Madeira ndio waliofika na vigita vyao vidogo katika visiwa vya Hawaii mwaka 1879, wakati huo Hawaii bado ni nchi yenye mfalme wake. Wenyeji wakavipenda, wakaanza kuviunda wenyewe kwa mti wao unaoitwa koa, na ndiyo ukulele ikazaliwa. Kule Marekani, zile za zamani zilizoundwa kwa mbao halisi na kampuni ya Martin miaka ya 1920 bado zinatafutwa, na watu wanatoa dola nyingi kweli. Halafu akakichukua kimoja chetu, akakiinamisha kwenye mwanga wa mlango, akaniambia, “Mama Mwenyekiti, chungulia ukingo wa hilo tundu.” Nikachungulia. Mbao ilikuwa tabaka tabaka, kama mlango wa kabati. Plaiwudi. “Hii,” akasema, “ni ya kiwandani, ya mwanafunzi kujifunzia.” Kumbe dalali alichukua bei ya kitu kimoja akakivisha kitu kingine chenye jina lilelile. Ni kama kuuza ng'ombe wa kienyeji kwa bei ya ng'ombe wa maziwa kwa sababu wote ni ng'ombe.

Mwalimu alitufundisha pia kutazama shingo kama imepinda, kuzungusha vile vigingi vya kukazia nyuzi kama vinateleza, na kutazama daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi, kama kimeanza kunyanyuka. Vyetu viwili vigingi vilikuwa vinateleza. Tulikuwa tumelipia vyote bei moja.

Haya, ikafika Alhamisi. Hapa naomba wale waliokuwapo wanivumilie.

Mwanachama wetu mmoja, simtaji jina, alikuja kikaoni kabla ya wote. Mwanawe alikuwa anatakiwa kufanyiwa upasuaji, na alihitaji mkopo wa sh 200,000. Hisa zake zilikuwa nyingi, hakuwahi kuchelewesha rejesho hata mara moja. Kwa mtu kama yule ndiko kikundi kilikoanzishwa. Tukafungua sanduku mbele ya kikao, ndani mna sh 37,000, na pembeni kwenye mkeka vigita sita vimepangwa kama samaki sokoni. Nilieleza. Hakuna aliyenifokea. Afadhali wangefoka. Akina mama walifungua vitenge vyao, mmoja elfu mbili, mwingine elfu tano, zikapatikana sh 85,000.

Hazikutosha. Kesho yake alitoa cherehani yake nje. Cherehani nzima, ya miguu, ambayo kwa siku za kawaida hapa Kahama usingeikosea sh 200,000. Aliyeinunua alijua mtoto yuko wodini. Alitoa sh 90,000, na yule mama akapokea. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mnaona, wiki ileile moja sisi tulilipa zaidi kwa sababu tulitishwa kwamba kesho kitu hakitakuwapo, na mwenzetu akapewa pungufu kwa sababu kwake kesho ilikuwa mbali mno. Baadaye tulikwenda kwa yule mnunuzi kuikomboa cherehani. Akataka sh 260,000. Hatukuwa nazo.

Basi kazi ikawa kuviuza vile vigita. Tulianza mnadani. Tukatandika mkeka, tukaandika 200,000 kwenye kadibodi. Watu walipita, wakapiga nyuzi kidogo, wakacheka, wakaenda kwenye ndala. Kijana mmoja akasema elfu kumi na tano. Nilimwona hana adabu. Mnada wa pili mtu akasema elfu ishirini, wa tatu akatokea wa elfu thelathini. Katibu wetu, ambaye ni mtu wa kuandika kila kitu, akawa anaziandika hizo bei zote nyuma ya daftari la mahudhurio. Nikamwuliza, unaandika matusi ya nini? Akanijibu, “Mama, haya siyo matusi. Hawa ndio watu peke yao waliotuambia ukweli.”

Mimi sikukubali. Nikasema tatizo ni Kahama, fedha zimehama. Twendeni Katoro, kule Geita dhahabu bado inatoka. Nikaenda na Mweka Hazina tukiwa na vigita vyote. Na kweli, siku ya kwanza tu, kijana wa machimboni ambaye duara lao lilikuwa limetema juzi yake alisimama, akauliza bei, nikasema 120,000, akatoa noti bila kuhesabu vizuri. Alisema anampelekea mchumba wake. Hata kupiga hakujua.

Jamani, nilimpigia Katibu simu kwa furaha. Nikamwambia bei ya Katoro ni 120,000, tunabaki hapa. Tukabaki wiki nzima. Gesti, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, tukatumia sh 54,000, na hatukuuza hata kimoja zaidi. Ile 120,000 ilikuwa bei ya kijana yule, siku ile, na fedha ile mfukoni. Nyinyi mlioishi machimboni mnajua: duara likitema mtu hununua redio tatu, mwezi ukiisha anaziuza zote kwa bei ya moja. Ukipanga bei ya biashara yako kwa mtu kama huyo, utakufa njaa ukimsubiri wa pili.

Tulirudi tumenyamaza. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kwa sababu tuliacha ubishi. Mwalimu wa Sunday school alichukua kimoja kwa sh 45,000. Shule ya msingi moja ikachukua viwili kwa sh 80,000, na nasikia watoto wanavipiga vizuri. Cha tano kiliharibika mikononi mwetu: vijana wa nyumbani kwangu walikata nyuzi za nailoni, wakaweka waya wa breki ya baiskeli, kama wanavyofanya kwenye magita yao ya galoni. Waya ukavuta, daraja likang'oka na kipande cha mbao. Seremala akaligundisha, tukakiuza sh 25,000. Cha sita kikabaki.

Hesabu ni hii, na nataka iandikwe katika kijitabu hiki bila kufichwa. Tulinunua kwa 960,000, tukatumia 54,000, tukapata 270,000. Hasara sh 744,000. Wakati ule tulikuwa wanachama 31. Ukigawa ni sh 24,000 kwa kila mama, sawasawa kabisa. Mama anayeuza nyanya anajua 24,000 inachukua siku ngapi.

Nilijiuzulu. Kikao kikakataa, kikasema nikijiuzulu nitakwenda kupumzika, na wao wanataka nibaki nilipe kwa kazi. Viongozi watatu tuliofungua sanduku usiku tuliacha mgawo wetu wa mwaka ule, na deni lililobaki tulilimaliza mwaka 2019. Lakini yule mama wa cherehani aliondoka kikundini mzunguko ulipoisha. Hakusema neno baya. Alichukua hisa zake, akakunja kitambaa chake cha kikundi, akaniwekea mezani.

Katika kikao cha kwanza cha mwaka 2018 ndipo Katibu alipotoa lile daftari lake na kupiga mistari. Safu ya kwanza: bei aliyoitaja muuzaji. Safu ya pili: bei waliyoitoa wanunuzi wengine mbele ya macho yetu. Safu ya tatu: bei iliyolipwa, fedha ikabadilisha mkono. Kikao kikapitisha kwamba kikundi hakinunui kitu wala hakipokei dhamana kwa kutazama safu ya kwanza. Safu ya tatu iwe na watu watatu angalau, na aliye juu sana tunamwondoa. Huyo tunamwita “kijana wa Katoro”, na wanachama wapya ndiyo leo mnajua kwa nini.

Wengi hudhani sheria ile ni ya kununulia tu. Kazi yake kubwa imekuwa kwenye dhamana. Zamani mwanachama akija kukopa anasema dhamana yangu ni sabufa, niliinunua sh 180,000, nasi tunaandika 180,000. Sasa hatuulizi aliinunua kiasi gani. Tunauliza, sabufa kama hiyo ilipouzwa mara ya mwisho hapa mtaani, mtu alitoa ngapi? Tukikuta 70,000, tunaandika 70,000, na mkopo hauzidi nusu yake mpaka wadhamini wajazie. Mwanzoni akina mama walikasirika sana. Mmoja aliniambia nimemdharau mumewe aliyemnunulia kitu kile. Lakini tangu 2018 tumeuza dhamana mara nne, na mara zote nne fedha ya kikundi ilirudi yote.

Mgodi wa Buzwagi ulipofikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, ile hali ya 2017 ikajirudia mlangoni petu, vitu vikajaa barabarani tena. Mwanachama wetu alitaka friji la kuuzia barafu na maji. Muuzaji akataja 400,000. Akaambiwa palepale kuna mtu wa Mwanza anakuja kesho. Yule mama akamjibu, mwache aje, nitamsalimia. Akarudi na daftari, akakaa siku tisa, akalichukua lilelile kwa sh 230,000. Leo soda baridi mnazokunywa zimetoka humo.

Nimalizie na jambo la marehemu mume wangu, maana wapo wanaosema akina mama tu ndio hudanganywa. Yeye alichimba miaka mingi upande wa Geita. Dhahabu siyo kama kigita. Dhahabu ina bei inayojulikana dunia nzima, inatangazwa London kila siku ya kazi mara mbili, na haichakai, ya zamani na mpya ni sawa. Hata hivyo alikuwa anaingia kwenye kibanda cha mnunuzi, mzani ni wa mnunuzi, anaambiwa leo London imeshuka, anapokea anachopewa. Angejuaje? Lilipofunguliwa soko la madini Geita mwezi Machi 2019, watu wakaanza kuiona bei elekezi kabla ya kukaa kwenye mzani. Yeye alikuwa ameshafariki. Nilipolisikia tangazo kwenye redio nililia, na wanangu hawakuelewa ninalilia soko kwa nini.

Yule mama wa cherehani tulimpelekea kadi ya mwaliko. Yuko Nyarugusu, anapika chakula machimboni, na tumeambiwa mambo yake siyo mabaya. Tangu nianze kusoma natazama pale mlangoni kila gari linaposimama. Akifika nimeshika hii karatasi, mtaniwia radhi nitaiacha.

Kile kigita cha sita kiko pale kwenye meza ya Mweka Hazina, karibu na keki. Kina nyuzi mpya, shingo yake imenyooka, kigingi kimoja kinateleza kidogo, tusifiche. Bei tuliyoandika ni sh 35,000. Watu watatu wa mwisho walilipa 45,000, 40,000 na 40,000, daftari liko wazi pembeni yake, kila mtu aje asome. Sina mtu wa Mwanza.